Filamu na nyimbo za zamani zenye dhihaka za rangi: mwongozo kamili wa kuzitazama na kuziimba na watoto

Katuni na sinema za familia zilizotengenezwa Marekani na Uingereza kati ya miaka ya 1930 na 1990 bado zinazunguka Dar es Salaam kwa wingi. Zimo kwenye ving'amuzi, kwenye flashi zinazojazwa muvi Kariakoo, YouTube, na kwenye televisheni ya basi la mkoani ambako abiria hana rimoti. Nyingi zina ufundi ambao ni shida kuupata leo: michoro ya mkono, okestra nzima ikisindikiza paka anayeteleza kwenye ngazi. Na ndani ya nyingi mna Mwafrika aliyechorwa midomo tu, Mchina aliyechorwa meno tu, Mwarabu asiye na kazi nyingine zaidi ya jambia, na mwenyeji wa asili wa Marekani anayeguna badala ya kusema.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kuendelea kuzifurahia na watoto. Hauna orodha ya kuruhusu na kukataza. Dhihaka kwenye filamu hutengenezwa kwa vitu vinavyoonekana na kusikika: sauti, mchoro, wimbo, jina. Mtoto akishajua pa kutazama huviona mwenyewe, na bado anacheka pale panapochekesha kweli. Lakini kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha TV.

Kwanza, jua umeshika toleo gani

Filamu moja inaweza kuwa na matoleo mawili au matatu, na tofauti iko hasa kwenye vipande hivi tunavyovizungumzia.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ni Tom and Jerry. Katika katuni za mwanzo, kuanzia mwaka 1940, yumo mwanamke mweusi anayemfokea Tom. Hauonekani uso wake. Unaona soksi, ndara na ufagio. Sauti ni ya mwigizaji mweusi Lillian Randolph, aliyepewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kama walivyopewa watumishi weusi kwenye sinema za wakati ule. Miaka ya 1960 baadhi ya katuni hizo zilichorwa upya akawekwa mwanamke mweupe, na nyingine zikawekewa sauti mpya. Kwa hiyo katuni uliyoiona wewe utotoni na hii iliyo kwenye flashi huenda zisiwe kitu kimoja. Angalia pia milipuko: baruti ikilipuka usoni, mhusika hubaki mweusi mwenye midomo mikubwa, na wakati mwingine vijisuke vya nywele. Baadhi ya matoleo yamekata sekunde hizo, mengine yameziacha.

Aladdin ya mwaka 1992 nayo ni hivyohivyo. Wimbo wa ufunguzi uliotoka kwenye majumba ya sinema ulisema ni nchi ambako wasipopenda sura yako wanakukata sikio. Jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu ililalamika, na toleo la kanda la 1993 likabadilishwa mstari huo ukawa wa joto na jangwa. Mstari unaofuata, unaosema ni ushenzi lakini ndiyo nyumbani, uliachwa mpaka filamu mpya ya 2019.

Halafu kuna muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yenyewe. Hapa kuwa makini zaidi. Msimuliaji huongeza utani wake, na utani wa kabila au wa rangi unaousikia unaweza usiwemo kabisa kwenye filamu. Hutokea kinyume pia: dhihaka iliyomo humezwa na simulizi. Kama unataka kuijadili filamu na watoto, tafuta yenye sauti ya asili. Kama mnataka kucheka na DJ, chekeni na DJ, lakini msimtwike mtengenezaji maneno ambayo hakuyasema.

Itazame peke yako, na uandike dakika

Usitegemee kumbukumbu. Tulichokipenda tukiwa na miaka minane tunakikumbuka kwa wimbo na rangi.

Dumbo ina dakika 64, Peter Pan ya 1953 ina kama 77. Kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza alama ya ] mara tano kuongeza kasi hadi moja na nusu, Dumbo itaisha kwa dakika 43 hivi. Ukifika kwenye kipande chenye shaka, simamisha, andika dakika na sekunde, kisha kitazame tena kwa kasi ya kawaida. Siku ya kutazama na watoto, Ctrl+T inakupeleka kwenye dakika unayoiandika, Alt na mshale wa kulia inaruka sekunde 10, Ctrl na mshale inaruka dakika nzima. Kama unatumia TV yenye tundu la flashi, jaribu rimoti mapema, maana TV nyingi zinaruka kwa vipande vikubwa na utajikuta umepita wimbo mzima. Na kama ni YouTube, pakua ukiwa na bando la usiku, vinginevyo intaneti itakwama palepale usipopataka.

Unatafuta nini? Chukua Dumbo. Mapema kwenye filamu, usiku wa mvua, wanaume weusi wanasimamisha hema la sarakasi. Sitisha picha hapo. Tembo wana nyuso, macho, kope, hasira. Wanaume hao hawana uso hata mmoja, ni maumbo tu yenye nyundo. Sasa sikiliza wanachoimba: wanafanya kazi mpaka karibu kufa, hawajui watalipwa lini, wakilipwa wanazitupa hela zao, na wana furaha. Mtu aliyesimama pale Bandarini saa kumi alfajiri akisubiri kibarua anajua kwamba hakuna kuli anayeimba hivyo. Wimbo huo umetungwa kwa sauti ya anayelipa, ukatiwa mdomoni mwa anayebeba.

Baadaye, robo ya mwisho, wanakuja kunguru. Kiongozi wao kwenye karatasi za watengenezaji aliitwa Jim Crow, na sauti yake ni ya mzungu, Cliff Edwards, akiigiza mtu mweusi. Jina hilo lilianzia kwenye maonyesho ya Marekani ya karne ya 19, ambako waigizaji weupe walijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa ili wawadhihaki weusi. Baadaye likawa jina la sheria zilizotenga weusi kwenye shule, mabasi na hoteli. Lakini kunguru haohao ni miongoni mwa wachache wanaomwonea huruma Dumbo, na wimbo wao ndio mtamu kuliko yote humo. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuyabeba yote mawili ukimwachia nafasi.

Maswali ya kutembea nayo kwenye filamu yoyote: nani ana jina na nani hana? Nani anazungumza kwa lafudhi ya kuchekesha, na shujaa anazungumza kwa lafudhi gani? Kicheko kinatokana na alichofanya mhusika, au na alivyo? Swali la mwisho ndilo linalokata mengi. Tom akijigonga ukutani tunacheka alichofanya. Paka wa Siam kwenye Lady and the Tramp ya 1955, Si na Am, wanachekesha kwa sababu ya macho na matamshi yao. Mchunguze pia asiyekuwepo: Tarzan ya katuni ya 1999 inatokea Afrika mwanzo mpaka mwisho na haina Mwafrika hata mmoja.

Amua kwa umri, na kwa walioko sebuleni

Chini ya miaka 7, ruka kipande au chagua filamu nyingine. Mtoto wa umri huo anachukua picha kama ilivyo. Maelezo yako hayamfikii, sura inamfikia. Disney wenyewe mwaka 2021 waliziondoa Dumbo, Peter Pan na The Aristocats kwenye ukurasa wa watoto wa chini ya miaka 7 katika huduma yao, wakaziacha kwa wakubwa zikiwa na onyo mwanzoni.

Miaka 7 hadi 10, tazameni yote na uzungumze kidogo. Kuanzia 11, mwachie yeye azungumze.

Umri ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni nani ameketi hapo. Dar watoto wa jirani huingia bila hodi wakisikia muziki wa katuni. Kama kuna mtoto wa Kihindi kutoka ghorofa ya chini, au mtoto ambaye baba yake ni Mchina anayefanya kazi kwenye mradi wa barabara, au mtoto wa Kimasai, usiweke filamu ambayo kicheko chake kikubwa ni yeye. Hata ukieleza vizuri kiasi gani, dakika tatu ambazo wenzake wote wanacheka atazihesabu peke yake. Badilisha filamu, na usitangaze sababu mbele yake.

Siku yenyewe

Kabla ya kuanza, sema sentensi mbili. Kwa mfano: "Hii katuni ni ya zamani, ilitengenezwa kabla Babu hajazaliwa. Kuna mahali wamewachora watu vibaya, ukipaona niambie." Basi. Ukifika sentensi ya tano umeshafungua darasa, na watoto watakumbuka tusi kuliko hadithi.

Sitisha mara mbili, zikizidi tatu. Chagua dakika ulizoandika, uliza swali moja, subiri. Ukimya wa sekunde kumi si tatizo. Kwenye Peter Pan, wakati wa wimbo unaoeleza kwa nini wenyeji wa Marekani ni wekundu, uliza: "Hawa wanazungumzaje?" Watoto hurudi nyuma kusikiliza, na wanagundua wenyewe kwamba ni miguno na Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Ndipo useme kwamba watu hao wapo, wana lugha zao nyingi, na hakuna hata moja inayotamkwa vile.

Mtoto akiuliza, "Mama, kwa nini hao hawana sura?" jibu kwa ukweli mfupi: "Mchoraji hakuona haja ya kuwachora." Usikimbilie kumtuliza. Akitaka zaidi atauliza.

Mwisho wa filamu, acheni muziki umalizike. Maongezi mazuri huja kesho yake kwenye daladala au wakati wa kuosha vyombo, si wakati mtoto anasinzia.

Filamu mbili zinazotugusa kwa karibu

Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha na Momela, wakati nchi inaelekea uhuru. Ina dakika 157, kwa hiyo igaweni jioni mbili. Mandhari, vifaru na mbio za magari ni za kweli, na muziki wa mtoto wa tembo wa Henry Mancini watoto wataupiga mluzi wiki nzima. Wape kazi ya kuhesabu: kila Mwafrika anayeonekana ni alama moja, kila Mwafrika mwenye jina na hoja ya kusema ni alama nyingine. Safu ya kwanza itajaa karatasi. Hapo huhitaji mahubiri.

The Gods Must Be Crazy ya 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, ni ngumu zaidi kwa sababu inachekesha sana na inajifanya taarifa ya kweli. Msimulizi mwenye sauti ya mtaalamu anaeleza kuhusu Wasan, wenyeji wa asili wa Kalahari, wasiojua mali wala chuki, mpaka chupa ya soda inapodondoka kutoka angani. Sauti yake inafunika lugha yao, hivyo mtazamaji anajua wanachofikiri kwa kuambiwa na yeye tu. Ukweli ni kwamba N!xau, mwigizaji mkuu, alitoka Namibia, na Wasan wa eneo la Tsumkwe wakati huo walikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, baadhi yao wakiwa wameajiriwa jeshini. Filamu ya kuchekesha kuhusu watu wasioijua dunia ilitengenezwa wakati dunia imeshawafikia na bunduki. Angalia pia wapiganaji weusi wanavyoonyeshwa kama wajinga wasioweza hata kulenga, katika miaka ambayo vita vya ukombozi vilikuwa vikipiganwa kweli, na vingine vikipangwa hapa Dar es Salaam.

Swali la kumuuliza kijana wa miaka 12: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakionyeshwa kwenye televisheni, nani anasimulia?

Nyimbo

Filamu inaisha, wimbo unabaki mdomoni, na mtoto huimba maneno ya Kiingereza bila kujua amesema nini. Anza kwa kusoma mashairi yote, si kiitikio tu.

Wimbo wa kuhesabu "Ten Little Indians" unaofundishwa kwenye shule za awali ulitungwa Marekani mwaka 1868, na mwaka uliofuata Uingereza wakatoa toleo lao lililotumia tusi kwa watu weusi. Katika beti zake za zamani watoto wanapotea au kufa mmojammoja mpaka wanaisha. Tuni haina kosa. Weka maneno mengine:

*Kaa mmoja, kaa wawili, kaa watatu wadogo,*
*kaa wanne, kaa watano, kaa sita wadogo,*
*kaa saba, kaa wanane, kaa tisa wadogo,*
*kaa kumi ufukweni.*

Faida ya pembeni: mtoto anajifunza kwamba husema wawili na wanane, lakini sita, saba na tisa hubaki vilevile.

"Jingle Bells" iliimbwa jukwaani Boston mwaka 1857 na mwimbaji mzungu aliyejipaka uso mweusi. Mashairi yake hayana rangi ya mtu. Ni farasi na theluji. Sisi tungeuimba bila wasiwasi, na historia hiyo tungempa kijana wa sekondari.

Tofauti na "Do They Know It's Christmas?" ya 1984, iliyochangisha fedha za njaa ya Ethiopia na ambayo redio huirudia kila Desemba. Nia ilikuwa njema, maneno ni ya ajabu. Inasema Afrika hakutakuwa na theluji Krismasi hii; mwambie hivyo mtoto wa Moshi anayeitazama Kibo asubuhi. Inasema hakuna mto unaotiririka. Nile ya Buluu inaanzia Ethiopia. Inauliza kama wanajua ni Krismasi. Ethiopia imekuwa na kanisa tangu karne ya 4 na husherehekea tarehe 7 Januari. Fungueni ramani, pitieni mstari kwa mstari. Ni mchezo mzuri wa nusu saa.

"Kung Fu Fighting" ya 1974 ina kile kipande cha noti chache kinachotangaza Uchina. Muziki huo haukutoka China. Ni mtindo wa watunzi wa Magharibi. Wasikilizishe watoto muziki halisi wa guzheng, ala ya nyuzi ya Kichina, kwa dakika mbili, kisha warudi kucheza. Na mnapoimba "The Lion Sleeps Tonight", tajeni jina la Solomon Linda, aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi 10. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baada ya yeye kufa.

Wimbo usiofaa ukifundishwa shuleni, usimvamie mwalimu mbele ya darasa. Ujumbe kama huu hutosha: "Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mama yake Asha wa chekechea. Ule wimbo wa kuhesabu watoto wanaupenda sana. Nimeona maneno yake ya zamani yana dharau kwa watu fulani, nikaona nikutumie haya ya Kiswahili kwa tuni ileile. Ahsante kwa kazi yako." Ukipeleka lawama peke yake utabishiwa, ukipeleka wimbo mbadala kuna nafasi ukaimbwa Jumatatu.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kosa la kawaida ni kusema "ilikuwa zamani tu, hawakujua." Walijua. Song of the South, filamu ya Disney, ilipotoka mwaka 1946, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, NAACP, kiliilalamikia, na watu waliandamana nje ya majumba ya sinema. Mwigizaji wake mkuu, James Baskett, hakuweza kuhudhuria uzinduzi Atlanta kwa sababu ya sheria za kutenga weusi. Sema badala yake: "Kuna waliolalamika, na hawakusikilizwa."

Mtoto akianza kuiga lafudhi ya Kichina kwenye duka la mtaani, usimchape wala usicheke. Mpeleke pembeni, umuulize anamwiga nani. Mara nyingi atataja katuni, na hapo umeshapata pa kushika. Ukicheka mara moja, umeshampa ruhusa ya mwaka mzima.

Bibi au Babu anayeipenda filamu hiyo si wa kusahihishwa mbele ya wajukuu. Muulize: "Bibi, mlipokuwa mkienda Empire au Avalon, watu walikuwa wanasemaje yule mtumishi akitokea?" Waliotazama sinema za kizungu na za Kihindi mjini miaka ya 1960 wana mengi ya kusema, na baadhi walizomea muda huohuo. Mwache asimulie.

Na usiikague Hollywood peke yake. Vichekesho vyetu vina mlinzi wa Kimasai asiyejua kitu na mwenye duka wa Kihindi anayevunja Kiswahili, kila wiki, kwa maneno yaleyale. Yapitishe kwenye swali lilelile: tunacheka alichofanya, au alivyo? Mtoto akiona kipimo kinatumika kwa wengine tu, atakitupa, na atakuwa na haki.

Cha kufuatisha

Wiki hiyohiyo, wekeni kitu ambacho watu waliodhihakiwa wana majina na maneno. Wadogo wana Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, na Tinga Tinga Tales, iliyochorwa kwa mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mjini humu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia miaka 9, Queen of Katwe ya 2016, kuhusu msichana wa Kampala na chesi. Ni ya Disney haohao, na ukiitazama baada ya Dumbo watoto watalinganisha bila kuambiwa. Kwa vijana wa sekondari ya juu, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ina msichana wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950 ambaye ni mtu kamili. Ina mapenzi na siasa za ukoloni, kwa hiyo nayo itazame kwanza peke yako, na uandike dakika.